Musoma si mji wa kupitia tu

Likizo iliyopita nilimchukua mjukuu wangu kutoka hapa Nyamuswa tukaenda Musoma. Alikuwa hajawahi kuliona ziwa. Tulipofika ufukweni alinyamaza, kisha akaniuliza, "Bibi, ng'ambo ya pili iko wapi?" Nikamwonyesha upande wa Kinesi, kivuko kinakokwenda.

Tulikaa kwenye mawe makubwa, yale yaliyobebana kama yamepangwa kwa mkono, tukatazama wanandi wakikausha mabawa na kina mama wakianika dagaa. Nilimweleza kwamba hii ni nchi ya Wakwaya, Wajita na Waruri, sisi Waikizu tukiwa majirani. Wahindi wakaja na maduka yao, na mwaka 1946 wakaja mapadre Wamarekani wa Maryknoll. Tukapita Mwisenge, shule aliyoanzia masomo Mwalimu Nyerere mwaka 1934 akitokea Butiama. Na ni Musoma hiyohiyo TANU ilikopitisha azimio la elimu ya msingi kwa wote, mwaka 1974. Mimi nilifundisha darasa lililojaa kwa sababu ya azimio hilo. Nililiona kwa macho yangu.

Naumia nikiona magari ya watalii yakikimbilia Serengeti bila kukata kona kuja ziwani. Naumia zaidi kwa watoto wetu. Shule za Bunda na Butiama zingeweza kuwaleta kwa siku moja tu, na wazee wa Kikwaya wakalipwa wawasimulie. Mjukuu wangu alirudi na kokoto tatu mfukoni.