Sikio Lililokwisha Kuhukumu

Muhula huu, katika chuo kimoja ambacho sitakitaja, mhadhiri wa hisabati aliyezaliwa Kongo ameondolewa darasani baada ya wanafunzi kuandika barua ya kwamba matamshi yake hayafahamiki. Nami niliyeipata habari hii hapa Sosiot, kinywani mwa kijana wa jirani yangu aliyetia sahihi pamoja nao, nasema kuwa mwalimu yule amedhulumiwa.

Haikosi kusemwa kwamba mwanafunzi aliyelipa karo ana haki ya kufahamu anachofundishwa, na kwamba siku za kwanza lafudhi ngeni hulitaabisha sikio. Ni kweli, na hayo yatosha.

Lakini mwaka 1992 mtaalamu wa Marekani, Donald Rubin, alichapisha jaribio ambalo ilimpasa mkuu wa idara kulijua kabla ya kuipokea barua ile. Wanafunzi wa chuo kikuu walisikilizishwa mhadhara mfupi uliorekodiwa kwa sauti ya mwanamke aliyelelewa Ohio, ambaye Kiingereza ndicho lugha yake ya mama. Baadhi yao wakaonyeshwa picha ya mwanamke wa Kizungu, wengine picha ya mwanamke mwenye wajihi wa Kichina, kana kwamba ndiye asemaye. Sauti ilikuwa ile ile, neno kwa neno. Hata hivyo waliotazama uso wa Kichina walisikia lafudhi ya kigeni, na, lililo zito zaidi, walipopimwa kwa yale waliyoyasikia walipata alama duni kuliko wenzao. Lafudhi ile waliibeba wenyewe, nayo ikawaziba masikio kwelikweli. Basi mwanafunzi aweza kulalamika kwa moyo safi kuwa hakufahamu kitu, na mwalimu asiwe na taksiri yoyote.

Nilimwomba kijana daftari lake. Kurasa zimejaa kwa mwandiko safi, tarehe juu ya kila mhadhara, ithibati zikifuatana hatua kwa hatua hadi juma la barua.

"Kama hukufahamu, haya uliyaandikaje?"

Akainama. "Mzee, darasa lote lilikuwa likicheka."

Likicheka! Sisi Wakipsigis, ambao lugha yetu haipambanui p na b, wala t na d, wala k na g, tumechekwa Nairobi miaka na miaka kwa hicho wanachokiita kushrabu, ilhali wako madaktari na maprofesa waliotoka katika mashamba haya ya chai na matamshi hayo hayo. Leo mtoto wetu amtendee mgeni lile lile lililotuuma, nasi tumwite mdai haki?

Mkuu wa idara na aketi nyuma ya darasa saa moja, asikilize mwenyewe, kisha amrudishe mwalimu ubaoni kabla muhula haujaisha.