Tusibomoe Kabla ya Kuhesabu

Katika toleo hili twapenda kusema neno juu ya nyumba za kale za Serikali, na juu ya miji yetu inayojengwa upya. Huenda msomaji wetu aliye Nyamigogo, au Ngara, au penginepo katika pande hizi za bara, akauliza: Mambo ya maghorofa ya Dar es Salaam yatuhusu nini sisi, tulio mbali namna hii na bahari? Twamjibu kwamba yatuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, jambo lifanywalo Dar es Salaam huigwa wilayani upesi. Pili, nyumba ya Serikali haibomolewi pasipo karatasi, na karatasi hiyo huandikwa, hupigwa mhuri na huwekwa katika faili na watu wa kazi yetu. Kwa hiyo watumishi hatuwezi kusema kwamba shauri hili ni la wenye fedha na wenye nyundo peke yao.

Tuanze na kwetu. Biharamulo lipo boma la kale walilolijenga Wadachi mwanzoni mwa karne ya 20, na hata leo mgeni akifika mjini huonyeshwa. Bukoba nako palikuwa na boma lao, lakini mwezi wa Juni mwaka 1915 askari wa Kiingereza walivuka Ziwa kutoka Kisumu, wakapigana siku mbili, wakalivunja boma pamoja na mnara wa simu isiyo na waya. Basi katika mkoa mmoja tunayo mifano miwili: boma lililovunjwa na vita, na boma lililosalimika. Lile la Bukoba hakuna awezaye kulirudisha. Hili la Biharamulo likianguka, halitaangushwa na mizinga. Litaangushwa na bati lililotoboka likaachwa, na mfereji wa mvua ulioziba majani bila mtu kuagizwa kuuzibua.

Sasa tuutazame mji wa Dar es Salaam, ambako shauri hili limekuwa kubwa kuliko kwingine kote bara. Mji ule ulianzishwa na Sultani Majid wa Unguja katika miaka ya 1860. Boma la Kale lililo karibu na bandari lilijengwa wakati huo kwa ajili ya wageni wake; kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na sakafu zake zimebebwa na boriti. Baadaye wakaja Wadachi, wakaongeza nyumba zao: makanisa mawili makubwa yanayotazama bandari, hospitali ya Ocean Road ya mwaka 1897, na nyumba za ofisi zenye veranda pana za kuzuia jua na kuingiza upepo. Wakaja Waingereza, na katika siku zao ukajengwa ukumbi wa Karimjee na nyumba nyinginezo. Hivyo mtu akitembea saa moja tu katikati ya mji huo aliweza kuisoma historia ya serikali tatu pasipo kufungua kitabu.

Kurasa nyingi za kitabu hicho zimekwisha kung'olewa. Hoteli ya Kaiserhof ya Wadachi haipo. Mahali pake pana hoteli ya New Africa. Nyumba ya Salamander katika barabara ya Samora ilibomolewa, na jengo refu lenye jina lile lile likasimama hapo. Na huko Kariakoo, zile nyumba za Kiswahili zenye baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba huku na huku na ua nyuma, zimeondoka moja moja, na kila moja imeacha ghorofa mahali pake. Za Kariakoo zimekwenda bila kuliliwa na wengi, kwa kuwa hazikujengwa na sultani wala gavana. Walakini enzi za Waingereza, mji ulipogawanywa kwa rangi za watu, ndimo walimokaa makarani, matarishi, mafundi na walimu wa Kiafrika, na barazani mwao ndimo habari nyingi za nchi hii zilimozungumzwa kwanza. Wazee wetu katika utumishi, akina Martin Kayamba, walipoanzisha chama cha watumishi Waafrika kule Tanga mwaka 1922, hawakuwa na jumba la fahari. Wakubwa wa siku zile wameachiwa majumba ya kukumbukwa. Wadogo wana nyumba hizi tu.

Haifai tuseme upande mmoja tu. Mji hukua, na watu wakiongezeka wataka ofisi, maduka, maji na njia. Kiwanja cha katikati ya mji ni ghali, na nyumba ya ghorofa moja haimletei mwenyewe kodi ya kutosha. Tena si kila nyumba ya zamani ni nzuri. Sisi watu wa Kagera twajua jambo hili kwa uchungu: tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi lilitupiga, nyumba nyingi zikaanguka, watu wakafa, na shule za Ihungo na Nyakato zikaharibika hata zikafungwa na kujengwa upya. Mtu aliyetolewa chini ya ukuta siku ile hawezi kuambiwa kwamba kila ukuta wa kale ni hazina. Penye hatari, mhandisi na aseme, na ukuta uondolewe.

Lakini upya nao si dhamana ya usalama. Tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa Kuu, ghorofa iliyokuwa ikijengwa katika mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, ilianguka ikaua watu 36. Mwezi wa Novemba 2024 ghorofa nyingine ikaanguka Kariakoo, ikaua watu zaidi ya 20. Basi mtu akisema, "Libomolewe hili kwa kuwa ni la zamani, tujenge jipya lililo salama," na aulizwe: Nani amelipima la zamani, na nani atalisimamia jipya? Usiache mbachao kwa msala upitao.

Wako wasemao pia kwamba nyumba hizi ni alama za utawala wa wageni, na ya nini tuzitunze nyumba za waliotutawala? Neno hili ni zito, nasi hatulidharau. Ndani ya maboma yale watu walitozwa kodi, walifungwa, walipigwa viboko. Lakini mawe yale hayakubebwa na gavana. Yalibebwa na babu zetu vichwani, na chokaa ikachomwa na mikono yao. Tukilibomoa boma, jina la mtawala litabaki katika vitabu alivyoviandika mwenyewe. Litakalopotea ni lile jasho, ambalo halikuandikwa popote ila ukutani. Afadhali nyumba isimame, na mtoto wa shule aonyeshwe chumba cha mahabusu, aambiwe kweli yote.

Watumishi wenzetu watasema: Sheria si ipo? Ipo, nayo yafaa tuifahamu vema. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 iliweka mpaka katika mwaka 1863: jengo lililojengwa kabla ya mwaka huo lilihesabiwa kuwa kumbukumbu kwa umri wake tu. Lililojengwa baadaye lataka kutangazwa na Waziri. Sasa na tuhesabu. Boma la Kale la Dar es Salaam, lililo miongoni mwa nyumba za kwanza za mji ule, ni la miaka mitatu au minne baada ya mpaka huo. Nyumba zote za Wadachi, na za Waingereza, na zile za Kiswahili za Kariakoo, zaangukia upande usiolindwa kwa umri. Kila moja yamhitaji mtu wa kuipeleka mbele ya Waziri: mtu wa kuiandika, kuipima, kuipiga picha na kuifuatilia barua yake. Asipopatikana mtu huyo, nyumba yaweza kubomolewa pasipo sheria kuvunjwa hata kidogo.

Hata kutangazwa peke yake hakutoshi. Mji Mkongwe wa Unguja uliandikwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000. Katikati ya sifa hiyo, tarehe 25 Desemba 2020, sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, iliporomoka wakati wa matengenezo, na watu wawili wakafa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Wenzetu wa Unguja wamejionea kwamba ukuta wenyewe waweza kudai roho za watu.

Nyumba hutunzwa vizuri ikiwa na kazi. Boma la Arusha, la mwaka 1900, lilifanywa makumbusho ya viumbe mwaka 1987, na watoto wa shule huingia humo. Boma la Mikindani, la mwaka 1895, lilitengenezwa na shirika la hisani la Waingereza, likawa hoteli. Boma la Kale la Dar es Salaam nalo lilitengenezwa, likawa mahali pa kuonyesha historia ya majengo ya mji. Tena Soko Kuu la Kariakoo, alilolichora msanifu wetu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, lilipoungua mwezi wa Julai 2021, Serikali haikulifagilia mbali. Jengo la Amuli lilikarabatiwa, na jipya likajengwa kando yake. Huo ndio mfano tunaoupenda: cha zamani kimetengenezwa, kipya kimepewa nafasi yake, wala kimoja hakikumla mwenziwe.

Shauri hili lina haraka. Nia ya kuhamishia makao makuu Dodoma ilitangazwa mwaka 1973, ikatekelezwa kwa nguvu tangu mwaka 2016, na sheria ikatungwa mwaka 2018. Ofisi zinapohama, nyumba zilizoachwa hubaki mikononi mwa bahati. Huko wilayani nako halmashauri hujenga majengo mapya ya utawala, na la zamani huwa ghala la viti vilivyovunjika. Kwa hiyo twatoa maombi manne, kwa unyenyekevu.

Kwanza, kila halmashauri iwe na daftari la nyumba zake za kale, zenye kujulikana mwaka wa kujengwa na hali yake. Pili, nyumba isibomolewe kabla mhandisi na mtu wa Mambo ya Kale hawajaiona na kuandika, na maandiko yao yasomwe mbele ya wananchi. Tatu, lipatikane fungu dogo la kila mwaka kwa paa na mifereji tu, maana maji ndiyo adui wa kwanza. Na fundi asiipige lipu ya saruji nyumba ya chokaa, kwa kuwa saruji hufunga unyevu ndani na ukuta huoza. Nne, nyumba za watu wadogo zisisahauliwe: japo chache za Kiswahili, kila mji, zihifadhiwe pamoja na wakazi wake na haki zao.

Maombi haya hayadai mamilioni. Yadai daftari, kalamu na mtu mwaminifu, na hivyo ni vitu ambavyo utumishi wetu umejivunia kuwa navyo tangu zamani. Siku moja mtumishi mmojawapo wetu ataletewa karatasi ya kubomoa, naye atatakiwa kuipitisha tu. Twamsihi asiipitishe kabla hajaliendea jengo lenyewe akaingia ndani, akatazama paa na kuta, akauliza wazee wa mahali pale. Akiisha kufanya hivyo, na aandike aonavyo katika dhamiri yake.