Sinema Inayoimba na Kwaya Zetu Zinazojipamba

Wakristu wenzetu, wako kati yetu wanaosema kwamba sinema ya nyimbo ni upuuzi mtupu, haimfai mtu wa sala. Sisi hatukubali. Upuuzi hautoki katika wimbo. Hutoka kwa mwimbaji asiye na neno la kusema.

Tukumbuke ilivyoanza. Mwaka wa 1927, huko Marekani, ilitokea The Jazz Singer. Habari yake ni nini? Kijana wa Kiyahudi anataka kuimba katika tiyatro, na baba yake ni mwimbishaji wa sala katika sinagogi. Baba anapokuwa mahututi, mtoto anarudi kuimba mahali pake usiku wa sikukuu ya Toba. Basi sinema inayoimba ilianza na swali la sala. Ilianza na aibu pia: mwimbaji yule Mzungu alijipaka weusi usoni. Wengine waliimba kwa sura yetu, sisi tukanyamaza.

Hapa Kongo, tangu 1936 serikali ya Wabelgiji ilikataza Mwafrika asione sinema isiyokaguliwa. Mwaka uleule Papa Pius wa XI aliandika barua Vigilanti Cura. Hakusema sinema yenyewe ni mbaya; alidai iwe njema.

Zamu yetu ilifika. Mwaka wa 1987 Ngangura Mweze, mzaliwa wa Bukavu, pamoja na Mbelgiji Benoît Lamy, walitoa La Vie est belle. Ndani yake Papa Wemba ni mpiga muziki wa kijijini anayekwenda Kinshasa kutafuta bahati, akawa boyi wa tajiri, na wote wawili wakampenda msichana mmoja. Mwaka wa 2017 ikaja Félicité ya Alain Gomis: mama mwimbaji wa baa anazunguka Kinshasa akitafuta fedha za kumpasua mwanawe mguu. Mwaka wa 2021 ikaja Neptune Frost, iliyopigwa Rwanda, juu ya wachimbaji wa koltani. Na Kiswahili kinasikika humo. Katika hizo zote wimbo unabeba habari ya mtu.

Sasa tazameni video za kwaya zetu, Beni na Butembo. Sare mpya, bustani ya hoteli, gari la kukodi, mikono inainuliwa pamoja. Tangu 2014 wilaya ya Beni inazika watu wake waliochinjwa. Wimbo unalilia wafu, picha inaonyesha maua! Mgeni akitazama, atajuaje kwamba tuna msiba?

Mtatujibu: hatuna fedha. Lakini za kukodi gari mlizipata wapi? Njia ya shamba ambalo mwenyewe anaogopa kulirudia, mama mbele ya mlango uliofungwa, nafasi tupu katika benchi la kanisa: hayo hayauzwi sokoni. Yanataka macho tu, na moyo.

Mcheza kwao hutunzwa. Enyi walimu wa kwaya, kabla ya kupiga video nyingine, ulizaneni neno moja: wimbo huu ni habari ya nani? Ikiwa si ya mtu yeyote, rudisheni kamera mfukoni, mkakae kwanza na wafiwa. Wimbo mtaupata kwao.