TAARIFA YA TAWI LA SAKINA: MSHAHARA SI ZAWADI YA MEI MOSI



Kuna maneno yanazunguka mtaani, hata humu kwenye kundi letu: "Watumishi wa umma wameshaongezewa, wanadai nini tena?" Tawi linajibu. Tunaomba usome mpaka mwisho.

Ni kweli, kuanzia Julai 2025 kima cha chini cha mtumishi wa umma kilipanda kutoka Sh 370,000 hadi Sh 500,000, yaani asilimia 35.1. Hatubezi. Lakini mwalimu wa kawaida aliona wapi makubaliano yenye sahihi za pande mbili? Alisikia kutoka jukwaani, Mei Mosi, Singida. Na kinachotolewa kwa tangazo huzuiliwa kwa kunyamaza. Kuanzia 2016 hadi 2021 watumishi walivaa fulana, wakaandamana, wakarudi nyumbani bila nyongeza ya jumla.

Kumbukeni pia 2022. Ilitangazwa asilimia 23.3, nchi nzima ikashangilia. Mishahara ya Julai ilipoingia, wengi wakakuta nyongeza kiduchu, wakaambiwa asilimia ile ilikuwa ya kima cha chini. Kungekuwa na mkataba uliobandikwa ukutani, kila mtu angejua ngazi yake inapata nini kabla hajaahidi kulipa deni.

Kujadiliana si hisani. Nchi yetu iliridhia Mkataba Na. 98 wa Shirika la Kazi Duniani tangu 1962. Sheria ya majadiliano ya pamoja katika utumishi wa umma ipo tangu 2003. Meza ipo kisheria. Kinachokosekana ni nguvu ya kuifanya iheshimiwe, na nguvu hiyo ni mshikamano.

Tuliona 2012 mshikamano unapokosekana. Madaktari waligoma peke yao. Juni kiongozi wao, Dk. Steven Ulimboka, akatekwa, akapigwa na kutupwa msitu wa Pande. Julai 30 wakagoma walimu, nao peke yao. Siku chache baadaye Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, ikasema mgomo si halali. Kila kundi lilikabiliwa kwa zamu yake, wengine wakitazama. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Kuna hatari nyingine, ya zamani zaidi. Mwaka 1964 shirikisho huru la wafanyakazi, TFL, lilivunjwa na kuundwa NUTA. Katibu Mkuu wake, Michael Kamaliza, alikuwa pia Waziri wa Kazi. Mtu mmoja akakaa pande zote mbili za meza! Ndiyo maana tawi hili halimwambii mtumishi avae sare yetu. Chama cha wafanyakazi kiwe cha wafanyakazi, si cha serikali wala chetu.

Na wewe wa bodaboda, mama ntilie, mwenye vyumba vya kupangisha, usiseme haikuhusu. Mshahara wa mwalimu na muuguzi ndio unaofuta daftari la mangi hapa Sakina, ndio unaolipa kodi ya chumba na nauli ya Ngaramtoni. Ukikwama, mtaa mzima unakwama.

Tunachoomba:

1. Mwanachama uliye mtumishi: unakatwa asilimia 2 kila mwezi? Muulize mwakilishi wako baraza la wafanyakazi limekaa lini, limejadili nini, na lilikaa kabla ya bajeti au baada. Asipojibu, mbadilishe kwenye uchaguzi.

2. Walimu, wauguzi, watendaji, madereva wa halmashauri: kundi moja likidai, mengine yaseme hadharani kwamba yapo nalo. Msisubiri zamu yenu.

3. Wazazi: kwenye kikao cha shule usimwite mwalimu mvivu kwa sababu amedai stahiki zake. Simama, sema unamuunga mkono.

4. Wote: msitaje humu jina la mtumishi yeyote wala kituo chake cha kazi. Kumlinda mwenzetu ni sehemu ya mshikamano.

Mei Mosi ijayo tusiende uwanjani kusikiliza tumepewa nini. Twende kusikia tulichokubaliana kikisomwa.

Mshikamano daima!

Imetolewa na Kamati ya Tawi, Sakina, Arusha.
Msambazie mwanachama mwenzako.