Elimu Haimezwi kwa Maji

Elimu hutafutwa, haimezwi kwa maji kama kidonge. Lakini katika vyuo vya Marekani wapo wanafunzi wenye afya njema ambao, mtihani ukaribiapo, hutumia vidonge vya Adderall au Ritalin ili wakeshe na vitabu vyao. Dawa hizo daktari huwaandikia wenye maradhi ya kutotulia na kushindwa kukaza fikira. Mgonjwa hupata nafuu kwazo, na hapana lawama juu yake. Lawama ni ya mzima alaye dawa ya mgonjwa, kisha akajitetea.

Sikiliza utetezi wake, ewe msomaji. Kwanza husema, "Hii ni dawa ya daktari, haidhuru." Ndiyo, lakini daktari hakumwandikia yeye, wala hakuupima moyo wake. Adderall ni amfetamini, na sheria ya Marekani huiweka katika daraja moja na kokeini. Huuendesha moyo mbio, hufukuza usingizi na hamu ya chakula, na aliyeizoea huweza kuwa mtumwa wake.

Pili husema, "Simdanganyi mtu, nasoma mwenyewe." Chuo Kikuu cha Duke hakikukubali hoja hiyo. Mwaka 2011 kiliandika katika kanuni zake kwamba kutumia dawa hizo bila idhini ili kujiongezea uwezo wa masomo ni udanganyifu.

Tatu husema, "Hunizidishia akili." Hapa amejidanganya mwenyewe. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2023 ulihusu watu 40 wazima wa afya. Walipewa dawa za namna hii, wakatakiwa kuchagua vitu vya kutia mkobani, vyenye thamani kubwa kabisa, pasipo kupita uzito uliowekwa. Walijitahidi zaidi na kukawia zaidi, lakini ubora wa juhudi yao ulipungua. Dawa iliwapa haraka ya mikono, ikawanyima busara ya kuchagua.

Nini basi faida ya kidonge? Humfanya mtu ajione hodari, na kujiona hodari si kuwa hodari. Kesho nawe utaingia chuoni, na rafiki atakunyoshea kiganja chenye kidonge. Mkatalie. Anza kitabu chako mapema, muulize mwalimu pasipo haya, ulale usiku, maana usingizi huyatuliza kichwani uliyojifunza mchana. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na hapana dawa ya kuinama kwa niaba yako.