Tumkabidhi Mungu mwaka mpya, tusimsemee

Zimebaki siku chache mwaka ugeuke, na huku kwetu Mbagala dalili zote zipo. Mafundi cherehani wamezidiwa na sare za shule, mabango ya mikesha yamebandikwa kwenye nguzo za umeme mpaka Kongowe, na mwenye nyumba wangu, ambaye mwaka mzima hupita kama hanioni, ameanza kunisalimia kwa bashasha. Anataka kodi ya miezi sita.

Juzi jirani yangu alinisimamisha dukani. Mkataba wa kazi wa mumewe unaisha tarehe 31, na mtoto wao anaanza kidato cha kwanza Januari. Akaniuliza: "Dada, wewe unayeandika gazetini, hivi kumwamini Mungu ni kuacha kupanga, au ni kupanga halafu kumwomba apitishe?" Nilimwambia nitamjibu. Nilipofika nyumbani nikamkumbuka shangazi yangu.

Shangazi alikuwa akiishi Jangwani, kwenye bonde la Mto Msimbazi, akiuza chai na vitumbua alfajiri kwa vijana wa Kariakoo. Kila Desemba aliandika kwenye daftari mambo ya mwaka unaokuja, na juu ya ukurasa aliweka maneno "Mungu akipenda". Kwa mwaka 2012 aliandika matatu: kupiga lipu chumba cha mbele, kununua friji auze barafu, na kumpeleka kitinda mimba wake VETA akasomee umeme.

Tarehe 9 Desemba 2011 nchi ilisherehekea miaka 50 ya Uhuru. Siku kumi na moja baadaye mvua ilianza, ikanyesha kwa siku tatu. Watu wa hali ya hewa walisema jiji halijaona mvua ya namna ile tangu 1954. Watu zaidi ya 40 walikufa, na maelfu wakakosa pa kulala. Shangazi alitoka na watoto na mfuko wa vyeti. Daftari lilibaki kwenye maji pamoja na kila kitu.

Krismasi ile waliila kwenye darasa la shule, mikeka imetandikwa chini, madawati yamesukumwa ukutani. Nilikwenda kumwona tarehe 31. Siku hiyo walikuja wageni wenye nia njema kabisa, wakaleta mchele, maharage na mablanketi. Wakaleta na maneno: Mungu ana makusudi yake, kila jambo lina sababu, usikufuru mama. Shangazi alipokea mchele, akashukuru. Walipoondoka akaniambia taratibu, "Mwanangu, hayo makusudi wao wameambiwa lini? Mimi niliyeingia kwenye maji sijaambiwa." Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Ila tangu siku ile nimejifunza kuufunga mdomo. Lile bonde lilikuwa likijaa maji kila mvua kubwa, na wakazi walishatakiwa kuhama. Walibaki kwa sababu pango lilikuwa nafuu na Kariakoo ilifikika kwa miguu. Jambo lenye sababu za wazi kama hizo tukilibandika jina la mpango wa Mungu, tunamsingizia. Na aliyefiwa tunamwachia mizigo miwili: msiba wake, na deni la kuuelewa.

Mwezi Januari serikali iliwapa viwanja Mabwepande, kule Kinondoni mwisho, mbele ya Bunju. Wakati huo palikuwa pori na mahema. Wateja wa shangazi wote walibaki Kariakoo, na nauli ya kuwafuata ilimaliza faida. Aliniomba nimpelekee daftari. Nikadhani anaanza tena ya mwaka, kumbe ameandika ya wiki moja tu: unga kilo ngapi, mafuta kiasi gani, mafundi wangapi wanaojenga jirani ambao huenda watanunua. Juu ya ukurasa yako maneno yaleyale. Wakati ule niliona kama imani yake imepungua. Leo naona alikuwa ameacha kumpangia Mungu miezi kumi na miwili, akabaki na siku alizoweza kuzifanyia kazi. Kijana alikwenda VETA miaka miwili baadaye. Friji hakuwahi kununua.

Waraka wa Yakobo, sura ya 4, unawakanya wafanyabiashara wanaojisifia safari na faida ya kesho. Majirani zetu Waislamu wanalo onyo la jinsi hiyo katika Sura ya Al-Kahf, aya ya 23 na 24. Hakuna hata pamoja panaposema safari isifanyike. (Sisi wa Dar ndio tuliofanya "Inshallah" ya fundi bomba iwe na maana kwamba haji.)

Basi jirani yangu, jibu langu ni hili. Kabla ya mkesha, kaeni wawili, simu pembeni, muandike deni moja moja, hata lile ambalo kila mmoja amemficha mwenzake. Ada ya kidato cha kwanza shule za serikali iliondolewa tangu 2016, lakini sare, madaftari na nauli vinawasubiri. Mwenye nyumba mwambieni mapema kwamba mna miezi mitatu, msisubiri aje kugonga. Kama zamu yako ya upatu iko Machi, omba kubadilishana sasa. Februari na kuendelea acheni wazi. Halafu nendeni mkesha, mwombe, mwimbe, na sadaka mtoe, ila kodi isiwe ndiyo sadaka, hata mhubiri akitangaza kwamba huu ni mwaka wenu wa kumiliki.

Nilimsomea haya jana jioni. Akaniambia mumewe hataki hata kuligusa suala hilo mpaka ajue kama mkataba unaongezwa. Anasema kuandika madeni ni kukaribisha balaa. Jumamosi tutakwenda kwao na mume wangu. Wanaume wenyewe wataanza na mpira, hilo nalijua. Mimi nitabeba daftari na kalamu.