Mwisho wa Msimu Si Mtamu

Kuna usemi uliozagaa katika kambi za uwindaji na sasa umeingia midomoni mwa vijana wetu, kwamba mwisho wa msimu ndio mtamu. Maana yake ni hii: mwindaji au mvuvi mwerevu asijisumbue mwezi wa Julai, nyasi zikiwa bado ndefu na maji yamejaa kila bonde. Asubiri Oktoba na Novemba. Wakati huo vijito vimekauka, mabwawa yamebaki vidimbwi, nyasi zimeteketea kwa moto, na kila chenye kiu hakina budi kufika pale pale ziwani, mbele ya baraza la mgeni. Mimi nasema usemi huo ni wa kivivu, tena ni wa hatari.

Nisieleweke vibaya. Sipingi uwindaji, wala sipingi uvuvi. Wazee wa Uzigua, Ukaguru na Uluguru waliwinda na kuvua, nami nimelelewa kwa kitoweo chao. Hapa Dakawa nimekula perege na kambale wa mto Wami kwa miaka mingi kuliko umri wa walimu wengi wanaofundisha leo. Ninachopinga ni kumvizia mnyama au samaki wakati amebanwa na ukame, hana pa kukimbilia, kisha kuita hiyo shabaha.

Tuangalie kwanza kinachotokea porini katika majuma hayo. Swala pala wengi wa nchi hii ya Mikumi na Wami huwa na mimba kiangazi kikielekea kwisha, na huzaa mvua zinapoanza, ili mama apate majani mabichi na maziwa yatoke. Kambale naye husubiri mafuriko ya kwanza. Maji yakipanda hutoka mtoni akaingia kwenye nyasi zilizofunikwa na maji ya kina kifupi, akataga huko. Perege wetu ana ajabu yake: jike huyaokota mayai na kuyatunza kinywani, na vifaranga wakishaanguliwa hukimbilia humo humo wakiona hatari. Kwa hiyo anayemvua kambale siku ya mafuriko ya kwanza amebeba tumbo la mayai, na anayemvua perege mlezi amebeba ukoo mzima. Bandu bandu huisha gogo. Lakini hapa hatubandui gogo, tunang'oa mche.

Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani, ambaye aliacha chaki akaenda kufanya kazi katika kambi ya wageni kando ya ziwa, alinitembelea nyumbani. Baada ya shikamoo na habari za watoto akaanza kuisifu kazi yake. "Mwalimu," akasema, "mwezi wa kumi na moja hatuna shida. Mnyama humfuati, anakuja mwenyewe." Nikamwuliza, "Mwanangu, kama anakuja mwenyewe, mgeni amelipia nini?" Akacheka, kisha akanyamaza. Alikuwa mwanafunzi mwenye akili, na nadhani alielewa kwamba swali halikuwa la mzaha. Mwindaji wa zamani alisifiwa kwa kusoma nyayo, kujua upepo na kuvumilia miiba. Mtu aliyeketi kivulini akimngoja mwenye kiu ameonyesha ujuzi gani? Hata kanuni za uwindaji za nchi hii zimetambua aibu hiyo, ndiyo maana zimekataza kumpiga mnyama aliye karibu na kisima cha maji. Lakini kiangazi kikikaza, pori zima huishi karibu na maji. Kanuni hubaki kitabuni, na bunduki hubaki mkononi.

Wako watakaonijibu kwamba kalenda ya uwindaji imewekwa na wataalamu. Nawauliza: imewekwa kwa kumtazama nani? Sheria za uwindaji katika nchi hii hazikuanza na sisi. Mwaka 1896 Gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, alitoa amri iliyotaka leseni kwa wawindaji na kutenga mapori ya kwanza, mojawapo huko Rufiji. Waingereza walipokuja wakalipa pori kubwa la kusini jina la Frederick Selous, mwindaji mashuhuri aliyeuawa vitani Beho Beho tarehe 4 Januari 1917. Toka hapo mwenye leseni akaitwa mwindaji, na mwenye upinde akaitwa jangili. Baada ya uhuru Serikali ilithubutu kufunga uwindaji wote mwaka 1973, ikaufungua tena mwaka 1978. Msimu wa uwindaji wa kitalii, ambao kwa miaka mingi ulihesabiwa kuanzia tarehe 1 Julai hadi 31 Desemba, ulianza barabara zilipokauka na ulikwisha magari yalipoanza kukwama. Hiyo ni kalenda ya matairi. Si kalenda ya swala.

Jibu la pili ni la fedha. Husemwa kwamba mgeni analipa, na malipo yake ndiyo yanayolinda pori. Hoja hii ina ukweli ndani yake, nami siidharau, kwani bila mapato ya vitalu baadhi ya mapori yangekuwa mashamba zamani. Lakini fedha peke yake si mlinzi. Katikati ya miaka ya 1970 tembo wa Selous na maeneo yanayoizunguka walihesabiwa kufikia kama 110,000. Mwaka 2013 wakahesabiwa kama 13,000 tu, na mwaka uliofuata UNESCO ikaiweka Selous katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Siwasingizii wenye leseni: waliowamaliza tembo hao ni majangili. Nasema tu kwamba kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo vitalu vilikuwa vinalipiwa, na tembo wakaisha hivyo hivyo. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya pori hilo ikafanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, ambamo uwindaji ni marufuku. Nchi haikufilisika kwa hatua hiyo. Basi ikiwa tuliweza kufunga eneo kubwa namna ile kwa mwaka mzima, tutashindwaje kufunga majuma machache ya mwisho katika mapori yaliyobaki?

Tena kufunga msimu si jambo geni kwa maskini. Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika upande wetu ulisimamishwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Mvuvi wa Kigoma ambaye mtaji wake ni mtumbwi na wavu aliambiwa apumzike miezi mitatu, na watoto wake wakala walichopata. Kama huyo aliombwa subira kwa ajili ya mayai ya dagaa, kwa nini mgeni mwenye bunduki ya bei kuliko nyumba yangu asiombwe subira kwa ajili ya mimba ya swala? Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, lakini sheria inapaswa kuwajua wote wawili.

Sasa nageukia nyumbani, kwa sababu ulimi unaoona kosa la mgeni pekee ni ulimi mlemavu. Sisi tulio kando ya Wami nasi tuna mwisho wetu wa msimu. Vidimbwi vinapopungua, tunaona vyandarua vya mbu vikigeuzwa nyavu, tunaona majani ya utupa yakitwangwa na kumwagwa majini hadi vifaranga vinaelea kama makapi ya mpunga. Bwana samaki akija tunasema ni njaa. Njaa ipo, siikatai. Lakini anayemwaga utupa leo atakuwa na njaa kubwa zaidi mwakani, na atakuwa ameipanda mwenyewe. Mchuma janga hula na wa kwao.

Ninapendekeza mambo matatu. Kwanza, bunduki zinyamaze kuanzia tarehe 1 Novemba, kwa mgeni na kwa mwenyeji, bila kujali ukubwa wa risiti. Pili, kila kijiji cha kando ya mto kichague vidimbwi vyake vya mbegu, visiguswe tangu kiangazi kinapokaza hadi mafuriko ya kwanza yapungue, na wazee wavilinde kama walivyolinda misitu ya matambiko. Tatu, vyuo vya ualimu vifundishe kalenda hii. Mwalimu anayepangiwa shule ya kando ya mto na hajui kambale anataga lini, atafundisha sayansi ya nchi gani?

Hapa Dakawa tunalima mpunga kwa maji ya Wami. Hakuna mkulima, hata mwenye njaa, anayesifiwa kwa kula mbegu usiku wa kuamkia kupanda. Tunamwita mpumbavu, na jirani zake humkemea mapema kwa sababu wanajua mwakani atakuja kubisha hodi kwao. Anayewinda na kuvua mwisho wa msimu anakula mbegu. Tofauti ni kwamba mgeni hatabisha hodi kwetu mwakani, kwani atakwenda ziwa jingine. Tutakaobaki na kidimbwi kitupu ni sisi, na wajukuu wetu wakitushika kanzu kutuuliza perege alikuwa samaki wa namna gani.